Fimbo na Subira: Mnyama Anajifunza Nini Mkononi Mwetu?

Katika ukurasa huu tunataka kufikiri pamoja nanyi juu ya swali ambalo tunalipita njiani kila siku bila kusimama. Mtu mmoja anamfundisha mnyama wake kwa kumpiga. Mwingine anamfundisha wake kwa subira. Mwishoni wanyama wote wawili wanafanya kazi ile ile. Je, kuna tofauti kati ya watu hawa wawili? Wako watakaojibu mara moja ya kwamba kazi ni kazi, na mnyama ni mnyama. Tunawaomba wangoje kidogo, kwa maana jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Tuanze mbali, halafu tutarudi huku kwetu milimani. Ulaya kuna mchezo wa farasi unaoitwa dresaji. Waliosoma Kifaransa wanajua ya kwamba neno hilo maana yake ni kufundisha mnyama tu. Lakini katika mashindano, ni mchezo wenye sheria zake, nao umo katika michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1912. Farasi na mtu aliyempanda wanaingia katika uwanja wa mchanga. Farasi anatembea, anakimbia mwendo mdogo, anakwenda upande upande, anageuka, hata anainua miguu pahali pamoja kama mtu anayecheza ngoma. Waamuzi wanaketi kando na kutoa alama kwa kila hatua, kuanzia 0 hadi 10. Sifa kubwa ya mchezo huo ni hii: mpanda farasi aonekane kana kwamba hafanyi neno lolote, na farasi aonekane kana kwamba anacheza kwa furaha yake mwenyewe.

Basi mwezi wa saba mwaka 2024, siku chache kabla ya michezo ya Olimpiki ya Paris, mambo ya nyuma ya uwanja yalitokea mbele ya macho ya watu. Bi Charlotte Dujardin wa Uingereza, aliyekuwa amekwisha kupata medali 6 za Olimpiki, na 3 kati yake za dhahabu, alijiondoa katika michezo hiyo. Ilikuwa imetoka video inayomwonyesha akipiga miguu ya farasi kwa mjeledi mrefu, zaidi ya mara 20, wakati alipokuwa akimfundisha mwanafunzi. Yeye mwenyewe alikiri na kuomba radhi. Mwezi wa 12 mwaka huo, shirikisho la dunia la michezo ya farasi lilimfungia mwaka mmoja, na kumtoza faini ya franga 10,000 za Uswisi.

Hatulitaji jina lake ili tumrushie mawe. Aliyeanguka na kukiri amekwisha kusimama mbele ya hukumu yake. Tunalitaja kwa sababu linatuuliza neno. Mtu huyu alijulikana duniani kama bingwa wa mchezo ambao uzuri wake wote ni upole. Watu walilipa pesa ili waone upole huo, na waamuzi waliupa alama. Kama katika mchezo wa namna hiyo mjeledi unaweza kujificha nyuma ya ukuta, je, katika kazi ambazo hakuna anayezitazama kunakuwaje?

Tuangalie kwanza jinsi mnyama anavyojifunza, kwa maana wengi wanapiga kwa sababu hawajui. Farasi hajui Kiingereza wala Kifaransa. Anajua uzito na wepesi. Mtu aliyempanda anambana kidogo kwa mguu. Farasi anajaribu hili na lile. Anapofanya jambo lililotakiwa, mguu unaacha kumbana saa ile ile. Hapo ndipo anapoelewa. Kinachomfundisha ni kule kuachiliwa, tena kuachiliwa kwa wakati wake. Mtu asipomwachilia, au akimbana na kumpiga wakati ametii na wakati hakutii, farasi hana njia ya kujua lililo jema. Anajua neno moja tu, kwamba mtu huyu analeta maumivu. Atatii, lakini utii wake ni wa mfungwa, naye anatafuta siku ya kutoroka.

Wako pia wasiotumia mjeledi, ila wanavuta hatamu kwa nguvu mpaka shingo ya farasi inapinda na kidevu chake kinagusa kifua. Wanamweka hivyo muda mrefu ili ajifunze kuinama. Farasi aliyekunjwa hivyo anapumua kwa shida, wala haoni vema njia iliyo mbele yake. Mwaka 2010 shirikisho lile lilitangaza ya kwamba kumkunja farasi shingo kwa nguvu hakukubaliki. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo watu walikuwa wametazama, na wengi waliona ni ufundi. Jambo hili tulishike: ukatili ukizoeleka, jicho linauita ufundi.

Sasa turudi kwetu. Hapa Rurambo hakuna farasi wa mashindano. Tuna ng'ombe, mbuzi na mbwa, na hata hao wamepungua, kwa maana vita vimepora mifugo mingi katika milima hii. Mzee anayesoma ukurasa huu anaweza kusema: “Mambo ya farasi wa Wazungu yanatuhusu nini? Mchungaji bila fimbo si mchungaji.” Mzee huyo ana haki. Fimbo imo mkononi mwa mchungaji tangu zamani, wala hatuandiki ili kumnyang'anya. Lakini mwulizeni mchungaji mwema fimbo yake inafanya kazi gani. Atawaambia: inamzuia ng'ombe asiingie katika shamba la maharagwe la jirani. Inapigwa chini ili kundi ligeuke. Inamkinga mtu pembe. Inamsaidia mwenye fimbo mwenyewe kupanda mlima. Fimbo ya namna hiyo inaonyesha njia. Iko fimbo nyingine, inayoshuka juu ya mgongo wa mnyama baada ya kosa kwisha, wakati mnyama amekwisha kusahau na mtu bado ana hasira. Hiyo haionyeshi njia yoyote. Inalipiza kisasi tu. Fimbo zote mbili zimetoka katika mti mmoja, na tofauti iko ndani ya moyo wa aliyeishika.

Wengine watatukumbusha methali: samaki mkunje angali mbichi. Wanaitumia kusema ya kwamba mafundisho lazima yawe makali tangu mwanzo. Sisi tunaokula samaki wa Tanganyika tunapaswa kuielewa methali hiyo kuliko watu wengine. Samaki mbichi anakunjika kwa sababu bado ni laini. Nguvu za mkono hazihitajiki. Mama anayepanga mikeke sokoni Uvira anawakunja polepole, kwa maana akiwavuta kwa nguvu ngozi inapasuka na mnunuzi anapita. Methali inatufundisha kuanza mapema. Haikusema neno lolote juu ya kupiga.

Ziwa hili hili limeshuhudia jambo ambalo vijana wetu wengi hawajalisikia. Mwaka 1879 mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitaka kujua kama tembo wanaweza kubeba mizigo katika Afrika mahali pa wapagazi. Tembo 4 waliokwisha kufundishwa waliletwa kutoka India kwa meli, wakateremshwa Msasani karibu na Dar es Salaam, chini ya uongozi wa mtu aliyeitwa Carter. Kutoka pwani walitembezwa kwa miguu mpaka Ziwa Tanganyika, kwenye kituo cha Karema, ng'ambo ya mashariki, nchi ya Tanzania ya leo. Walikuwa wanyama watiifu, kwa maana watu wa India waliwalea na kuwafundisha kwa miaka. Lakini katika safari ile walibebeshwa mizigo mizito, jua lilikuwa kali, na chakula walichozoea hakikuwapo. Wengine walianguka njiani wakafa. Waliofika upande wa ziwa nao hawakudumu. Mwaka uliofuata Carter mwenyewe aliuawa katika vita vya nchi ile.

Tunapata fundisho gani? Tembo wale hawakuasi. Walitii mpaka kufa. Watu wengi wanafikiri ya kwamba mnyama aliye na shida atakataa, na kama hajakataa basi hana shida. Lakini mnyama aliyefundishwa vema ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote, kwa sababu hajui tena kusema hapana. Utii wake umekuwa deni juu ya yule anayemwongoza. Kadiri mnyama anavyotii, ndivyo sisi tunavyopaswa kuangalia kwa ajili yake, kwa maana yeye ameacha kujiangalia mwenyewe ili atusikilize sisi.

Baada ya hapo Wabelgiji walijaribu tena, mara hii kwa tembo wa Kongo yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 afisa aliyeitwa Laplume alianzisha kazi ya kuwafundisha tembo kule Api, katika nchi ya Uele, kaskazini kabisa. Baadaye kazi ilihamia Gangala-na-Bodio, karibu na mahali ambapo mwaka 1938 palifanywa mbuga ya Garamba. Dunia nzima ilikuwa imezoea kusema ya kwamba tembo wa Afrika hafundishiki, naye alifundishika. Alilima, alikokota magogo, alivuta magari ya mizigo. Walioifanya kazi hiyo walikuwa hasa Waazande, na habari zao ni za ajabu. Mtoto wa tembo aliyekamatwa alifungwa karibu na tembo wakubwa waliokwisha kuzoea watu, ili atulie kwa kuwaona. Watu wake walikaa naye, wakamlisha kwa mkono, wakamwimbia nyimbo mpaka woga ukapungua. Nchi iliyojua kiboko cha mkoloni juu ya mgongo wa mtu, ilimwimbia tembo nyimbo.

Hapa tusiharakishe kusifu. Mtoto yule wa tembo alipatikana namna gani? Wawindaji walilikimbiza kundi, wakapiga bunduki ili wamtenge na wenzake, wakamfunga miguu kwa kamba. Mama aliyerudi kumtetea mtoto wake aliweza kuuawa. Basi wimbo ule mtamu uliimbiwa yatima, na walioimba walikuwa upande wa wale waliomfanya yatima. Kwa hiyo swali letu lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni njia: unamfundisha kwa fimbo au kwa upole? Sehemu ya pili iko nyuma yake: unamfundisha kwa faida ya nani, na umempata kwa gharama gani? Njia ya upole ni njema kuliko mjeledi, hilo hatuna mashaka nalo. Lakini upole wa jioni hauoshi damu ya asubuhi. Mtu anaweza kuwa mpole sana kwa mnyama ambaye hakupaswa kuwa mkononi mwake.

Je, iko kazi ambayo njia ni njema na shabaha ni njema pia? Iko, tena haiko mbali. Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika linaloitwa APOPO linafundisha panya buku, wale wakubwa wa porini, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya anaanza kuzoezwa kushikwa na watu angali mdogo sana. Halafu anafundishwa ya kwamba mlio mdogo, tik, maana yake ni chakula. Anaponusa harufu ya baruti na kuionyesha, anasikia tik, anapata ndizi au karanga. Asipoionyesha, hapati kitu, lakini hapigwi. Mafundisho yanachukua miezi mingi, karibu mwaka. Mwishoni anapimwa katika uwanja ambamo mabomu yasiyoweza kulipuka yamefukiwa kwa makusudi. Kwa sababu ni mwepesi, anaweza kupita juu ya bomu bila kulilipua. Panya mmoja wa shirika hilo, jina lake Magawa, alifanya kazi Kambodia na kugundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika moja la Uingereza linalotunza wanyama lilimpa medali ya dhahabu. Alikufa kwa uzee mwezi wa kwanza 2022.

Kwa nini hawampigi panya anapokosea? Wengine watadhani ni huruma tu. Huruma ipo, lakini iko sababu nyingine ambayo kila mtu mwenye kazi ataielewa. Mtu atatembea juu ya ardhi ile akiitegemea pua ya mnyama huyo. Mama atalima hapo, mtoto atachunga mbuzi hapo. Mnyama anayeogopa kipigo anajifunza kukwepa kipigo. Anaweza kukaa kimya anaponusa kitu, au kuonyesha pahali pasipo na kitu ili aachwe. Hofu inamfanya awe mwongo, ijapokuwa hana kinywa cha kusema. Ukitaka mnyama akuambie kweli, ni lazima asikuogope. Sisi wa Kivu, tunaojua kilipuzi kilichoachwa na vita kinaweza kumfanyia nini mtoto anayekiokota, tunajua thamani ya pua isiyodanganya.

Kila mmoja wetu anaijua habari ya Balaamu na punda wake, katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Punda alikwepa njia, Balaamu akampiga. Punda akambana ukutani, akampiga tena. Punda akalala chini, akampiga mara ya tatu. Kwa kawaida tunaisoma habari hii kwa sababu ya mujiza wa punda kusema. Lakini tuangalie pia jambo lililo wazi zaidi: punda alikuwa ameona, na aliyempanda hakuona. Mara tatu fimbo ilikuwa mkononi mwa kipofu. Tena malaika, kabla ya kumwambia Balaamu habari za safari yake, alimwuliza juu ya punda, kwa nini alimpiga. Vipigo vile havikupita bila kuulizwa mbinguni.

Ndivyo ilivyo na sisi mara nyingi. Farasi anayekataa kuinama pengine ana maumivu mgongoni, au jino linaloguswa na chuma cha hatamu. Ng'ombe anayesimama njiani pengine ameona ukingo umebomoka kwa mvua, au kwato yake ina jeraha. Mbwa anayekataa kuingia ndani pengine anakumbuka alilotendwa humo. Mnyama hana njia ya kueleza ila kwa kukataa. Kumpiga kabla ya kuuliza ni kumziba kinywa shahidi.

Liko pia neno kwa wale wasioshika mjeledi. Katika dresaji, waamuzi walitoa alama na watazamaji walipiga makofi. Hakuna hata mmoja wao aliyempiga farasi. Lakini kama alama inatolewa kwa hatua nzuri peke yake, wala haulizwi mtu hatua hiyo ilipatikanaje, basi mshindani anajifunza ya kwamba njia haina maana. Vivyo hivyo huku kwetu. Mtu anayeteremka na mbuzi mpaka soko la Uvira, amewafunga miguu na kuwaning'iniza vichwa chini juu ya pikipiki, anajua ya kwamba mnunuzi ataangalia unono na bei tu. Tunaponunua bila kuangalia, tumetoa alama yetu. Na baba anayewasifu vijana kwa kusema “huyu anamweza ng'ombe mkali,” bila kuuliza anamwezaje, naye ametoa alama yake.

Tuliache shauri letu katika mambo matatu. Kwanza, kabla ya kumpiga mnyama aliyekataa, tumzunguke tumwangalie: kwato, mgongo, kinywa, na njia iliyo mbele yake. Pili, mnyama akitii, tumwachie saa ile ile, tulegeze kamba, tumpe majani au neno la upole, kwa maana hapo ndipo anapojifunza. Tatu, hasira ikipanda, tuiweke fimbo chini kwanza. Ng'ombe atangoja. Hasira ya mtu haijamfundisha ng'ombe jambo lolote bado.

Tena tukumbuke ya kwamba mnyama hajifunzi peke yake. Nyuma ya ng'ombe kuna mtoto mchungaji wa miaka 8 au 9, naye anatazama mkono wa mkubwa. Mtoto aliyepigwa kwa sababu ndama alipotea, kesho atampiga ndama kwa sababu yeye alipigwa, na kesho kutwa atakuwa baba mwenye watoto nyumbani, au askari mwenye watu chini yake. Milima yetu imeona watu wengi waliozoea kutiisha kwa maumivu. Hawakuanzia kwa wanadamu. Wengi walianzia kwa kiumbe kidogo ambacho hakuna aliyekitetea, na mkubwa aliyekuwa karibu akanyamaza.

Basi turudi kwenye swali letu la mwanzo. Wanyama wawili wanafanya kazi ile ile, mmoja kwa fimbo, mwingine kwa subira. Tofauti iko wapi? Katika kazi ya leo pengine haionekani. Itaonekana siku kamba ikikatika, wakati mmoja atakapokimbia na mwingine atakapobaki. Itaonekana siku ya hatari, wakati mmoja atakapoficha alichokiona na mwingine atakapokionyesha. Na kwa wale walioshika kamba, tofauti imekwisha kuonekana zamani, kwa maana kila siku ya kazi hiyo iliwafundisha nao pia. Mmoja alijifunza kuona, na mwingine alijifunza kutoona. Amani iwe nanyi nyote, na juu ya kila kiumbe kilichowekwa mikononi mwenu.